Siku Mbili Ndani ya Kibanda cha Wakalimani

Nilipigiwa simu nikiwa nasahihisha mitihani ya majaribio. Dada aliyepiga alikuwa Dar es Salaam, na alikuwa na haraka ya watu wa Dar es Salaam. Aliniuliza kama bado nafanya ukalimani. Nikamwambia nafanya, shule ikiwa imefungwa. Akasema kuna kongamano la teknolojia hapa hapa Tanga, katika hoteli moja ya Raskazone, siku mbili. Wazungumzaji wangetoka nje na wangesema Kiingereza. Wasikilizaji wengi wangekuwa wenye hoteli za ufukweni, wafanyabiashara, watu wa benki, na mafundi wa kompyuta. Waandaaji walitaka kila neno lisikike kwa Kiswahili.

"Mada ni programu za tovuti za kuunganishwa kwa vipande," akasema, na nikamsikia anasita kama mtu anayetembea gizani kwenye nyumba ya wenyewe. "Usiogope. Utakuwa na mwenzako mzoefu sana, anatoka Arusha."

Sikuuliza jina. Wakalimani wa Arusha ni wengi.

Siku ya kwanza nilifika mapema. Kibanda chetu kilikuwa nyuma ya ukumbi, sanduku la mbao lenye kioo mbele, viti viwili, maikrofoni mbili, hedifoni mbili. Watu wawili wangeweza kukaa humo bila kugusana mabega, lakini wakijihadhari. Ndani alikwishaketi mtu, amenipa mgongo, anafuta hedifoni kwa kitambaa cheupe, polepole, upande wa kushoto kisha wa kulia. Nilimjua kwa kule kufuta. Alikuwa baba wa mwanangu.

Tuliachana mtoto akiwa darasa la tatu. Tulikuwa tumejuana kwenye mafunzo ya ukalimani, sote vijana, na miaka ya mwanzo tulifanya kazi pamoja. Kisha yeye akapata ajira Arusha, na mimi mama yangu akawa mgonjwa wa kitandani hapa Tanga, mtaa wa Nguvumali. Sikuweza kumwacha. Mume akawa anakuja kila mwezi, baadaye kila baada ya miezi, mwishowe akawa anakuja Idi kwa Idi kama mjomba wa mbali. Hakuna aliyemtukana mwenziwe. Siku moja alikuja nyumbani kwa ami yangu, akaketi barazani, akatoa talaka moja kwa sauti ya chini, akaletewa chakula asikile, akaondoka. Nilikaa eda, ikaisha, naye hakunirejea. Kwa miaka tuliongea kwa simu mambo ya shule na homa za mtoto. Mtoto alipopata simu yake mwenyewe, sisi tukaishiwa na mazungumzo.

Aligeuka akaniona.

"Alaa! Kumbe ni wewe."

"Ni mimi. Habari za Arusha?"

"Njema. Baridi tu. Za hapa?"

"Joto."

Tukafika mwisho wa salamu. Hata namna ya kuitana hatukuwa nayo. Wakati wa ndoa tuliitana mama fulani na baba fulani kwa jina la binti yetu, na sasa jina hilo lingekuwa kama kuvaa nguo ya harusi sokoni. Tukaanza kuitana "mwenzangu", neno ambalo halimkatai mtu.

Na mimi nilikuwa na neno la kumwambia, la kweli, ambalo lilikuwa limenikaa kifuani tangu majuma mawili nyuma. Binti yetu, ambaye ni muuguzi Muheza, alinipigia akasema kuna kijana, na watu wake wanataka kuja kuposa. "Mama, baba mwambie wewe," akaniomba. "Mimi nikimpigia naona haya, naishia kumuuliza habari za mvua." Baba ndiye walii wake. Yu hai, ana akili zake, hakuna mwingine wa kumwoza. Kila jioni nilikuwa nachukua simu, natafuta jina lake, naiweka chini. Sasa Mungu alikuwa amenileta nikae naye ndani ya sanduku.

Sikumwambia. Tulikuwa na kazi ya kupatana maneno kabla ukumbi haujajaa.

"Kwanza hili la mada yenyewe," akasema. "Mimi nilikuwa nimefikiria 'mfumo unganifu'."

"Unganifu ni kitu kilichokwisha kuungana," nikamjibu. "Hawa wanasema kinachoweza kuungwa, na ukitaka unakitoa."

"Basi tuseme mfumo wa kuungika na kuungua."

Nikamtazama. "Kuungua ni kwa moto."

"Najua." Akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Nimelifikiria sana hilo. Tuna kufunga na kufungua, kuziba na kuzibua, kukunja na kukunjua. Lakini ukishaunga, kinyume chake hakipo. Lilipaswa kuwa kuungua, ila moto umeshalichukua."

Alikuwa hivyo hivyo zamani, anaweza kuacha chai ipoe kwa ajili ya kitenzi. Tukakubaliana tuseme "vipande vinavyounganika", na kinyume chake tuseme "kutenganisha", na tusiwe na ufahari.

Mzungumzaji wa kwanza alikuwa bwana mrefu mwenye sauti ya upole, na kwa bahati njema alijua kueleza. Zamani, alisema, tovuti ya biashara ilikuwa kitu kimoja kizima. Maandishi, picha, duka, malipo, sehemu ya kutafutia, vyote vimeshonwa pamoja. Ukitaka kubadilisha mfuko lazima ufumue kanzu nzima. Siku hizi kila kazi inakuwa kipande chake, kila kipande na fundi wake, na vipande vinaungwa kwa milango inayojulikana. Kimoja kikichakaa unakitoa, unatia kingine, na duka linaendelea kuuza.

Wakalimani hupokezana, maana akili haivumilii kazi ile kwa muda mrefu. Mmoja anasema, mwingine anasikiliza na kumwandikia mwenziwe tarakimu na maneno magumu kwenye karatasi. Zamu ilikuwa ya kwake wakati yule bwana alipotumia neno moja la fani yao, lenye maana ya "bila kichwa". Baba wa mwanangu hakuwa na muda wa kufikiri. Akasema, "Huu ni mfumo usio na kichwa."

Kupitia kioo niliona vichwa vyenye hedifoni vikigeukiana. Muda wa maswali ulipofika, mfanyabiashara wa machungwa kutoka Muheza, mtu wa makamo mwenye kanzu safi, akasimama.

"Mimi nauliza huyo asiye na kichwa, anamwonaje mteja? Maana kwetu sisi, kitu kikitutokea hakina kichwa, kwanza tunakisomea, halafu ndiyo tunazungumza biashara."

Ukumbi ukaangua kicheko. Zamu ilikuwa imekuja kwangu, na mimi ndiye niliyepaswa kukibeba kile "kukisomea" mpaka kwenye Kiingereza. Nilijitahidi. Nikamweleza yule bwana kwamba watu wa pwani wangetanguliza aya na dua. Naye akacheka, lakini kicheko chake kilifika wengine wakiwa wameshanyamaza. Hiyo ndiyo kazi yetu, siku zote tunafika nyuma kidogo.

Karatasi ikasogezwa mbele yangu. Ilikuwa imeandikwa neno moja, "sura?" Nikatikisa kichwa kukubali. Tangu hapo tukasema "mfumo usio na sura yake", yaani ghala la maneno na picha ambalo halijiamulii litaonekanaje. Simu italipatia sura ya simu, kompyuta sura ya kompyuta. Yule mtu wa Muheza aliinua kidole gumba kuelekea kibandani kwetu.

Wakati wa chakula cha mchana nilijiambia sasa ndiyo sasa. Tulichukua wali wa nazi na samaki, tukaketi meza ya pembeni. Nikafungua mdomo, na mama mmoja akaja na sahani yake akaomba kukaa nasi. Alikuwa na nyumba ndogo za wageni Ushongo, alisema, na alikuja kwa sababu tovuti yake inamletea aibu.

"Lakini kwanza niwapongeze," akasema. "Mnapokezana hata sijui nani kanyamaza nani kaanza. Ni mtu na mkewe?"

"Hapana," nikasema mimi.

"Tulikuwa," akasema yeye, kwa wakati ule ule.

Yule mama akatutazama mmoja baada ya mwingine. "Haya, samahani. Mimi na wangu, Mungu amrehemu, hatukuweza hata kubeba meza pamoja. Kila mtu na mwendo wake." Akala tonge mbili, akaendelea na yake. Kulikuwa na banda zuri la makuti mbele ya nyumba zake, na picha yake ndiyo ya kwanza kwenye tovuti. Bahari imelichukua banda hilo, na ufuo wenyewe umepungua. Wageni wanafika wanauliza banda liko wapi. Aliyemtengenezea tovuti alimwambia picha haitoki bila kuifumua yote.

"Kwa hiyo kila siku naonyesha watu kitu ambacho hakipo," akasema. "Hebu niambieni, haya ya vipande yatanisaidia, au ni maneno ya kutuuzia?"

Baba wa mwanangu akaweka kijiko chini, akamweleza kwa utulivu tulichosikia asubuhi, na mahali asipojua akasema hajui. Nilimtazama akieleza. Nywele za pembeni zilikuwa zimekuwa nyeupe. Nilikumbuka alivyokuwa akimweleza binti yetu hesabu za kugawanya, kwa subira ile ile, siku za Idi alizokuja. Kengele ikalia, tukarudi, neno langu bado kinywani.

Alasiri alizungumza mwanamke mmoja kuhusu namna vipande vinavyopatana. Zamu yangu. Alisema kosa la watu wengi ni kutaka kila kipande kijue mambo ya ndani ya mwenziwe. Hakuna haja. Kinachotakiwa ni mkataba, kwamba mimi nikikuuliza hivi, wewe utanijibu vile, na ukishindwa kujibu utaniambia umeshindwa, hutanyamaza tu. "Kipande kinachonyamaza," alisema, "ni kibaya kuliko kipande kilichovunjika."

Nilitafsiri mpaka hapo, na sentensi iliyofuata ilinipita. Niliisikia masikioni, lakini haikugeuka kuwa Kiswahili. Mkono wa mwenzangu ukapita mbele yangu, akabonyeza kitufe, taa nyekundu ikahamia kwake, naye akaendelea kana kwamba ulikuwa mpango wetu. Hakuna ukumbini aliyejua.

Alipofunga maikrofoni wakati wa chai, akaniuliza, "Umechoka?"

"Hapana. Nina neno na wewe. Tutoke."

Tukasimama nyuma ya hoteli, karibu na matangi ya maji, ambako wapishi walikuwa wanaanika vitambaa vya meza. Nikamwambia moja kwa moja, maana nilijua nikianza kuzunguka sitafika. Binti ameletewa habari ya posa. Kijana ni Mbondei wa huko huko Muheza, ni mwalimu wa ufundi, na watu wake ni Waislamu wazuri, wanajulikana. Wanataka kuja kwa ami. Yeye ndiye walii, na jibu ni lake.

Akaniuliza, "Tangu lini?"

"Majuma mawili."

"Majuma mawili. Na mimi nimekaa na wewe humo tangu asubuhi tunazungumza kufunga na kufungua."

"Nilikuwa natafuta namna."

"Namna! Simu hamna Tanga?" Sauti ilipanda, akaishusha mwenyewe. "Mtoto kaniogopa nini hata asiniambie?"

"Hakuogopi. Anaona haya. Hajakuzoea."

Sikukusudia kumchoma, lakini lilikuwa kweli, na neno la kweli likishatoka halina pa kurudi. Aliangalia vile vitambaa vikipepea. "Hajanizoea," akasema. "Mimi baba yake." Nikataka kusema kwamba kumzoea mtu ni kumwona akikohoa, akikasirika, akitafuta viatu vyake, kwamba binti alikuwa na baba wa Idi tu, mwenye nguo mpya na zawadi, na baba wa namna hiyo mtu humheshimu lakini hamwambii mambo yake. Sikusema. Kijana wa mapokezi alikuwa ametoka kutuita.

Nimefanya ukalimani mahakamani, msibani, na kwenye mikutano ya ardhi watu wakitaka kupigana. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama saa ile ya mwisho. Tulikaa bega kwa bega, hewa ya kibandani imekuwa nzito, na mzungumzaji wa mwisho alikuwa mcheshi. Anataniwa, anatania, anasimulia jinsi mtandao ulivyomwangusha mbele ya wakubwa wake. Baba wa mwanangu, uso umekauka kama ubao, alikuwa akitoa vichekesho vile kwa sauti ya furaha, ukumbi unacheka mahali panapostahili. Akakwama kwenye neno. Nikamwandikia. Akalisoma, akalisema, hakunitazama. Ilipofika zamu yangu, naye aliniandikia mawili, kwa mwandiko wa kueleweka. Hasira ilikuwepo, na kazi ilikuwepo, na moja haikuigusa nyingine. Nilijiuliza njiani kurudi nyumbani kwa nini katika ndoa hatukuweza hivyo. Labda ndani ya ndoa hakuna mlango wa kutokea saa kumi na moja, kazi ikiisha.

Siku ya pili alinikuta mimi ndiye niliyeketi. Akaweka chupa mbili za maji, moja upande wangu.

"Nimempigia," akasema.

"Akasemaje?"

"Akaniuliza habari za mvua." Akavuta kiti. "Nikamwambia, mwanangu, mvua ya Arusha iache inyeshe, mama yako ameshaniambia. Akalia. Na mimi..." Hakumaliza, akaanza kufuta hedifoni. "Tumezungumza sana. Nilikuwa sijui anapenda kazi ya wodi ya watoto. Nilidhani amepangiwa tu. Kijana nimeongea naye pia. Ana adabu. Anazungumza haraka mno, lakini ana adabu."

"Ni wasiwasi tu. Ulimtisha."

"Nilimsalimia."

"Basi ndiyo ulimtisha."

Akacheka pumzi moja. Kisha akasema lililokuwa linamsumbua. "Wanakuja kwa ami yako. Barazani pale pale."

"Pale pale. Ndiye mzee wetu aliyebaki."

"Sijakanyaga pale tangu siku ile."

"Najua."

"Mimi sijui nitamtazamaje yule mzee."

Nilimwambia nilichokuwa nacho. "Ukija mimi nitakuwa ndani na wanawake, hutaniona. Utamwamkia, atakuitikia. Hajawahi kukusema vibaya mbele ya mtoto, na mimi pia sijawahi. Mengine hayo siwezi kukuahidi."

Alifikiri mpaka mzungumzaji wa kwanza akapanda jukwaani. Alipovaa hedifoni, alisema, "Nitakuja," kisha akawasha maikrofoni na kuwakaribisha wasikilizaji wetu kwa Kiswahili chake kizuri.

Siku ile ya pili sikumbuki mada zote. Nakumbuka kwamba nilianza kupendezwa. Nilikuwa nimekwenda nikidhani ni mambo ya mashine, na nikakuta watu wazima wanabishana siku nzima kuhusu nini kikae karibu na nini, nini kiachwe kijitegemee, na gharama ya kila uamuzi kwa anayebaki kuutunza. Mmoja alikiri jukwaani kwamba si kila kitu kinafaa kutenganishwa; biashara ndogo ikikatwa vipande vingi mno, mwenyewe hushindwa kukumbuka nini kiko wapi. Yule mama wa Ushongo aliandika hilo. Baadaye alinitafuta, nikamwandikia maneno ya Kiswahili ya tovuti yake mpya, na picha ya banda sasa haipo. Ameweka ya ufuo ulivyo, mwembamba, na miti yake.

Wageni wa posa walikuja Jumamosi moja, majuma machache baadaye. Niliketi chumba cha ndani na shangazi zangu, pazia limeshushwa. Nilisikia gari dogo likisimama, kisha hatua, kisha sauti ya baba wa mwanangu: "Shikamoo, mzee wangu." Nikashika mkono wa shangazi. Kisha ami, kwa sauti yake ya Kimtang'ata, lafudhi ya pwani yetu isiyo na haraka, akasema, "Marahaba, baba. Pita ukae. Watu wako wamo njiani."

Watu wako. Alimaanisha wale wa posa, kana kwamba baraza ni lake. Ami alisema hivyo tu, na hakuna kingine kilichosemwa juu ya yaliyopita, siku hiyo wala baadaye. Nimewahi kujiuliza kama ule ulikuwa msamaha au uchovu wa uzee. Sijapata jibu, na mwenye jibu sikumuuliza.

Nikaha ilifungwa msikiti wa mtaani kwetu. Baba wa binti alimwoza mwenyewe, kwa mkono wake, na walioshuhudia wanasema alisema maneno yote bila kukosea ila machozi yalikuwa yakimshuka. Binti alipoletewa habari ndani, aliuliza, "Baba amelia?" na akaonekana kushangaa, kisha kufurahi, kama mtu aliyeonyeshwa chumba katika nyumba yake ambacho hakuwahi kukifungua.

Hatukurudiana. Wako waliotarajia, na shangazi mmoja aliniambia wazi kwamba nafanya ukaidi. Lakini yeye ana maisha yake Arusha, na mimi nina yangu hapa, na tulipokaa siku mbili ndani ya kile kibanda sikuona kitu kinachoniita nyuma. Niliona mtu ninayeweza kufanya naye kazi. Katika umri wangu nimejifunza kwamba hilo si dogo.

Asubuhi baada ya harusi alikuja kuaga kabla ya basi. Alisimama mlango wa jikoni, nje, na kusema ameambiwa pilau lilibaki. Nikamfungia la njiani, nyama za mfupa anazozipenda juu, kachumbari kwenye mfuko wake peke yake ili isiloweshe wali. Akapokea kwa mikono miwili.

"Shukrani, mama wa bibi harusi."

"Safari njema, baba wa bibi harusi."

Akaondoka. Mimi nikageukia masufuria.